Chewa Afungua Kinywa: Kisa cha Karatasi Iliyokunjwa na Mtoto Aliyeiacha Nyeupe

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika darasa la awali la shule moja ya msingi ya serikali, kwenye mwambao wa mkoa wa Lindi. Mwalimu wa darasa nilikuwa mimi. Nimeondoa jina la shule, kata, mwaka na majina ya watu wote. Mtoto ninayemzungumzia zaidi nitamwita Mtoto M, na mambo mawili matatu ya nyumbani kwao nimeyabadilisha ili asitambulike. Familia yake ilisomewa maandishi haya na kuridhia yatoke. Mara ya kwanza nilikisimulia kwa walimu wenzangu katika kikao cha jumuiya ya ujifunzaji, na mabishano ya siku ile yameingia kwenye uchambuzi huko chini.

Darasa na mahali

Walioandikishwa walikuwa watoto 57, wa miaka mitano na sita. Kwa siku walifika kati ya 44 na 50. Walikuwa wanakaa kwenye mikeka. Meza tulikuwa nazo nne, za kuazima. Nilisaidiana na binti mmoja wa kujitolea aliyemaliza kidato cha nne, mkazi wa kijiji hicho hicho. Wazazi wengi ni wavuvi, au wakulima wa korosho, ufuta na muhogo, na wengine ni vyote hivyo kwa misimu. Alasiri karibu watoto wote huenda chuoni kusoma Kurani. Jambo hili nilikuwa nalijua tangu siku ya kwanza, ila sikuwahi kujiuliza lina uhusiano gani na somo langu la kuchora.

Lengo la mradi wetu wa kukunja karatasi na kuchora lilikuwa dogo. Nilitaka vidole vipate nguvu kabla ya kuanza kuandika herufi, mtoto azoee kufuata hatua kwa mpangilio, na mwisho awe na kitu mkononi cha kusimulia. Kipindi cha awali ni dakika 20, kwa hiyo kazi moja tuliigawa kwa siku tatu au nne.

Karatasi inavyokunjwa

Nieleze mkunjo wenyewe kwanza, maana bila kuuelewa kisa hakishikiki.

Chukua karatasi ya A4, isimamishe kwa urefu. Ushushe ukingo wa juu mpaka ukutane na ukingo wa chini, ubonyeze. Sasa karatasi imelaliana pande mbili. Upande wa mbele peke yake, shika ukingo wake wa chini, upandishe mpaka ufike kwenye mkunjo wa juu, ubonyeze tena. Basi. Karatasi imegawanyika robo nne, kila robo ina kama sentimeta saba na nusu. Robo ya juu na robo ya chini zinaonekana zimegusana, na robo mbili za katikati zimejificha.

Juu ya karatasi iliyofungwa hivyo mtoto anachora uso wa mnyama aliyemkabili. Macho yanakaa robo ya juu, taya la chini linakaa robo ya chini, na mdomo unakaa pale robo hizo mbili zinapokutana. Akiivuta karatasi, mdomo unaachama. Katikati kuna uwazi mweupe wa robo mbili. Anaunganisha mistari ya mashavu kulia na kushoto, kisha anachora vilivyomo kinywani: meno, ulimi, na huyo aliyemezwa.

Usiku nilipokuwa najaribu mezani kwangu niligundua kwamba robo zote nne ziko upande mmoja wa karatasi. Kwa hiyo karatasi iliyokwisha kuchapwa upande mmoja inafaa kabisa, maandishi yanabaki mgongoni. Ofisini palikuwa na rundo la mitihani ya majaribio iliyochapwa vibaya. Mwalimu mkuu alitupatia lote, hatukununua hata rimu moja.

Mnyama niliyemchagua ni chewa, samaki wa baharini. Watoto wanamwona dikoni boti zinaporudi. Ana kinywa kipana, na hatafuni windo lake. Hukiachamisha ghafla, maji yakaingia na samaki wake, akameza mzima mzima. Mnyama gani angefaa zaidi kwa karatasi hii?

Juma la kwanza: chewa 49 wa aina moja

Mimi na msaidizi wangu tulikesha tukikunja karatasi za darasa zima, kwa kuwa niliamini watoto wa miaka mitano hawataweza. Asubuhi nikachora chewa ubaoni, hatua kwa hatua, nao wakanifuata.

Walipovuta karatasi darasa lilijaa vicheko, na mimi niliona nimefaulu. Mchana nilipozikusanya ndipo nilipoona nimekusanya nini. Nilikuwa na chewa 49, wote wana macho mawili ya duara yenye nukta katikati, na karibu wote wana dagaa mmoja kinywani, aliyeelekea kushoto. Dagaa niliyemchora mimi ubaoni alielekea kushoto.

Siku iliyofuata nilimwomba mvulana mmoja asimulie picha yake. Alinyamaza kidogo, akasema, "Nimechora cha mwalimu."

Kulikuwa na kasoro nyingine, ya kiufundi, ambayo sikuitarajia. Watoto wengi waliifungua karatasi katikati ya kazi, jambo la kawaida kabisa kwa mtoto mwenye kitu cha kufunguka mkononi. Kuirudisha walishindwa. Mkunjo haukuwa wao, hawakujua ulikotoka wala unakoelekea, wakaukunja kinyumenyume na macho ya chewa yakaingia ndani.

Nikaamua mambo mawili: watoto wakunje wenyewe hata kama itachukua juma zima, na ubaoni nisichore mnyama tena. Msaidizi aliogopa kwamba tutapoteza karatasi nyingi. Nilimwambia karatasi za mitihani iliyoharibika tunazo, tuziharibu mara ya pili.

Ncha kwa ncha

Ulikuwa mwezi wa Julai, kusi inavuma. Tulianza chini ya mwembe na karatasi zikapaa mpaka kwenye mihogo ya jirani, tukarudi ndani.

Siku ya kwanza ya kukunja ilikuwa fujo. Watoto walishusha ukingo wa juu, lakini walipobonyeza upande mmoja, mwingine uliteleza. Wapo waliobonyeza kwa kiganja, wapo waliokalia. Kati ya karatasi 46 za siku hiyo, ambazo robo zake zilikutana sawasawa hazikufika kumi.

Moja ya hizo ilikuwa ya Mtoto M. Niliiinua nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha: ukingo juu ya ukingo, hakuna hata uzi uliotokeza. Ni mtoto wa kike, mkimya, hukaa karibu na mlango. Nilimuuliza nani kamfundisha.

"Tunakunja kanga na bibi."

"Mnakunjaje?"

"Ncha kwa ncha."

Kesho yake nilikuja na kanga. Watoto wawili wakaishika, kila mmoja ncha mbili, wakaivuta mpaka ikanyooka, kisha wakaendeana mpaka ncha zikakutana. Hapo ndipo wote walipoona nilichokuwa nakisema tangu jana bila kueleweka. Kwenye kanga kosa halijifichi, maana pindo lisipokaa juu ya pindo darasa zima linaona na kupiga kelele. Kisha wa mbele akaishika ncha yake peke yake akairudisha juu, na mkunjo wa pili ukaeleweka. Tukapata na maneno ya kuimba, yaliyotungwa na msaidizi wangu papo hapo: "Shuka, msalimie bibi! Wewe wa mbele, rudi nyumbani!" Shuka ni mkunjo wa kwanza, rudi ni mkunjo wa pili. Mpaka mwisho wa mwaka hakuna mtoto aliyesahau.

Kubonyeza tulifundisha kwa kauri, yale makombe madogo ya baharini. Watoto waliziokota ufukweni, tukaziosha, na mgongo wake laini ukasuguliwa juu ya mkunjo. Kidole cha mtoto hakina nguvu ya kuvunja karatasi, ila kauri inavunja bila kuichana. Kufikia Ijumaa karatasi nyingi zilikuwa zinakutana.

Karatasi nyeupe

Juma la tatu tulirudi kwa chewa, safari hii bila mfano ubaoni. Tuliongea tu. Chewa anakula nini? Anakaa wapi? Ukikuta kinywa chake kimefunguka ungeona nini? Michoro iliyotoka sikuitegemea: kaa aliyegoma kumezwa na kushika ulimi kwa gando, pweza mwenye mikono 11, ndoano, kandambili moja.

Mtoto M alikunja karatasi yake vizuri kuliko wote, akaiweka mbele yake, akakaa. Hakuchora. Siku ya pili vilevile, ya tatu vilevile.

Nieleze nilivyofikiri, kwa sababu uamuzi wangu ulitoka huko. Nilidhani haelewi. Nikadhani pia anaogopa kukosea, maana watoto wakimya huwa hivyo. Siku ya kwanza nilimtia moyo. Siku ya pili nilimchorea chewa kwa nukta ili apitishe penseli juu yake, naye akaigeuza karatasi kifudifudi. Kwenye orodha yangu ya upimaji palikuwa na kipengele "anachora mnyama anayemfahamu", na mbele ya jina lake niliandika "bado hajaweza".

Siku ya tatu nilikaa mkekani nyuma yake, nikamshika mkono wenye penseli, nikachora naye jicho la chewa. Mkono wake ulikuwa umekakamaa. Nilihisi ukakamavu ule nikaendelea, nikamwambia, "Umeona? Unaweza." Hakulia. Aliliangalia jicho lile mpaka kengele ikagonga.

Kesho yake hakuja, na keshokutwa hakuja.

Aliyenifumbua macho ni mtoto wa jirani yao, tena bila kuulizwa. Nilikuwa naita mahudhurio, nilipofika jina la M akasema, "Mwalimu, yule hachori chenye roho."

Barazani

Nilikwenda Alhamisi alasiri, siku ambayo chuo kinapumzika, kwa kuwa nilishaambiwa babu yake ndiye anayesomesha chuo cha mtaani pale. Nilimkuta barazani. Bibi alikuwa ndani karibu na mlango, anakunja nguo zilizotoka kwenye kamba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Karibu mkekani, mwalimu."

Nilieleza kilichonileta, pamoja na kumshika mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mjukuu wangu hakukukaidi," alisema. "Ameshika nililomfunza hapa ulipokaa. Kitu chenye roho hatukichori. Mwenye kukichora, kesho mbele ya Mwenyezi Mungu ataambiwa akipulizie roho, naye hawezi."

"Sikujua, babu."

"Hukujua kwa kuwa hukuuliza. Naye angekwambiaje? Wewe ni mwalimu wake na mimi ni mwalimu wake. Huyu kasema chora, huyu kasema usichore. Mtoto wa miaka mitano afanyeje? Amekaa kimya."

Niliomba radhi. Nikamuuliza kama basi asichore kabisa.

"Nani kasema hivyo? Miti ipo, milima ipo, majahazi yapo. Achore mpaka vidole vimuume."

Bibi akaongeza kutoka ndani kwamba mtoto alirudi siku ile akanawa mkono ule mara nyingi.

Masheikh wanatofautiana katika suala la picha, na katika darasa hilo hilo walikuwemo watoto wa familia za dini waliochora chewa bila kikwazo chochote, mmoja wao baba yake ni imamu. Si kazi yangu kuamua nani yuko sawa. Kazi yangu ilikuwa kujua kwamba katika nyumba ya mtoto huyu jambo limesemwa hivi, na kwamba amelishika kwa nguvu zake zote mbele ya mwalimu aliyemzidi umri na ukubwa.

Uamuzi, na mnazi

Kabla ya kurudi darasani niliichukua orodha yangu ya upimaji nikaipitia neno kwa neno. Ujuzi niliokuwa naupima ulikuwa upi? Kukunja kwa mpangilio, kushika penseli, kuunganisha mistari pale karatasi inapofunguka, kusimulia. Hakuna hata mmoja unaomtaka mnyama. Mnyama nilimwingiza mimi kwa sababu anapendeza. Hivyo nikabadilisha kitu cha kuchorwa, kazi ikabaki ile ile.

Jumatatu Mtoto M alikuja, kaletwa na bibi. Nilimpeleka pembeni nikamwambia nimeongea na babu, na kwamba nilikosea kumshika mkono. Nikampa karatasi yake yenye jicho nikamuuliza anataka tuifanyeje. Aliikunjua yote, akaikunja upya kwa namna yake mwenyewe mpaka jicho likaingia ndani, akaisugua kwa kauri, akanirudishia.

Kisha akachukua karatasi mpya na kuchora mnazi. Kwenye robo ya juu aliweka makuti na madafu, kwenye robo ya chini mizizi na mchanga. Karatasi ikiwa imefungwa ni mnazi mfupi kama ule unaouotesha mwaka huu. Akaivuta, na shina likakosekana. Akaliunganisha, kulia na kushoto, mistari miwili mirefu iliyonyooka, akachonga na vidato vya kukwelea. Ulikuwa mrefu kuliko kitu chochote kilichochorwa darasani.

Watoto wa jirani walisogea, na ndani ya dakika tano kila mtu alitaka kinachorefuka. Tangu siku hiyo mradi ukawa na njia mbili, na mtoto anachagua: kinachofunguka au kinachorefuka. Katika vinavyorefuka tulipata milingoti ya majahazi, mnara wa simu, kisima kinachoshuka chini, twiga wengi, na moshi wa tanuri la mkaa.

Wavulana watatu walitangaza kwamba na wao hawachori chenye roho. Wawili niliwajua, walitaka tu kufanana na M. Nilizungumza na nyumba zote tatu, moja baada ya nyingine. Nyumba moja ilisema ndiyo, hata sisi tunaona hivyo. Mbili zilisema achore. Niliwaambia watoto walichosema wazazi wao, na mjadala ukaisha hapo.

Shingo ya Tendaguru

Vinavyorefuka ndivyo vilivyotuleta Tendaguru. Mlima huo uko ndani ya mkoa wetu, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, na kati ya 1909 na 1913 msafara wa Wajerumani ulichimba hapo mifupa ya dinosaria. Kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya watu wa huku kwetu, na msimamizi wao alikuwa Boheti bin Amrani; mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina linalomkumbuka, Australodocus bohetii. Mifupa, zaidi ya tani 200, ilibebwa kwa miguu mpaka bandari ya Lindi. Kiunzi kikubwa kuliko vyote kilisimamishwa Berlin mwaka 1937 na kiko huko mpaka leo, urefu wake kutoka sakafuni mpaka kichwani ni zaidi ya meta 13. Wazee wa huku wanamwita mjusi.

Meta 13 kwa mtoto wa miaka mitano ni neno tupu. Nikapiga hesabu: karatasi moja ina sentimeta 29.7. Karatasi 44 zikiunganishwa kwa urefu ni meta 13 na ushee. Tena zikiwa zimekunjwa kwa mkunjo wetu, kila moja inabaki nusu, kwa hiyo 44 zinakuwa meta sita na nusu. Ukuta wa nyuma wa darasa unatosha. Zikifunguliwa zote, hautoshi.

Ilikuwa Oktoba, mavuno ya korosho yameanza na familia nyingine zimeshahamia mashambani. Watoto waliokuwepo ni 38, sita kati yao wakafanya karatasi mbili mbili. Kila karatasi ilikuwa na pingili za mfupa. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo.

Siku ya kuanza Mtoto M alinifuata.

"Mwalimu, mfupa una roho?"

Nilimwambia akamuulize babu. Kesho yake aliingia, akanisalimia, akasema, "Babu kasema mfupa ni mfupa." Akakunja karatasi mbili.

Tulimkunjua mjusi siku ya Ijumaa saa nne, baada ya uji. Alianzia ukuta wa nyuma, akatoka mlangoni, akapita barazani mbele ya Darasa la Kwanza, na kichwa chake kikaishia kwenye dirisha la Darasa la Pili. Gundi iliachia mara tatu njiani. Wakubwa walitoka nje bila ruhusa, na walimu wao hawakuwarudisha.

Uchambuzi

Kosa kubwa kuliko yote katika kisa hiki lilikuwa mbele ya macho yangu muda wote. Karatasi ya Mtoto M ilikuwa na mkunjo bora wa darasa. Mtoto asiyeelewa maelekezo hakunji hivyo. Mtoto anayeogopa kukosea hakunji hivyo mbele ya wenzake 45. Karatasi ilinieleza kwamba anaelewa, anaweza na anajiamini, na kwamba kilichomzuia kiko kwingine. Nilitazama palipokosa mchoro tu, nikaandika "bado hajaweza". Siku hizi ninapokusanya kazi za watoto huanza na kile mkono ulichokifanya vizuri, kisha ndipo ninauliza kwa nini mkono uliofanya hiki haukufanya kile. Swali hilo lingenipeleka barazani kwa babu siku ya kwanza.

Kumshika mkono ni kosa la namna nyingine. Wengi wetu tunafanya hivyo wakati wa kufundisha herufi, na mtoto anayekubali mkono wake huwa laini, unafuata. Mkono uliokakamaa umekwishasema hapana. Niliusikia nikaendelea, na sina cha kujitetea hapo.

Kwenye kikao cha walimu tulibishana sana juu ya uamuzi wa mnazi. Mwenzangu mmoja aliona nimeiachia familia ipange mtaala. Kwamba ningemweleza babu kuwa kuchora wanyama kumo katika somo, na mtoto angezoea. Mwingine akasema kinyume, kwamba kwa mazingira yetu wanyama waondolewe kabisa ili asibaki mtoto wa peke yake. Nimewafikiria wote wawili kwa muda mrefu. Wa kwanza anasahau kwamba ujuzi haukupungua hata chembe. Mistari ya shina la mnazi ni migumu kuliko mashavu ya chewa, maana ni mirefu na inataka kunyooka. Wa pili angewanyima watoto 40 na ushee kaa wao anayeshika ulimi, kwa ajili ya jambo ambalo familia zao hazikulisema. Kuweka njia mbili kulimwondoa Mtoto M upwekeni, kwa sababu wengi walichagua njia yake kwa kuipenda tu.

Kanga ilifanikiwa kwa sababu ambazo naweza kuzitaja. Ni kubwa, kwa hiyo kosa linaonekana. Inahitaji watu wawili, kwa hiyo mtoto anarekebishwa na mwenzake kabla ya mwalimu kufika. Na mikono ya watoto wengi ilikuwa imeshaijua kutoka nyumbani, hata wavulana, ila hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ujuzi ule una kazi shuleni. Kauri nayo ni hivyo hivyo.

Kusimulia hakukufaulu kama nilivyotaka. Watoto 45 hawawezi kusimulia ndani ya dakika 20. Tulijaribu kusimuliana wawili wawili, kelele zikawa nyingi na msaidizi na mimi tulisikia visa vichache tu. Pweza wa mikono 11 hatukujua kwa nini ana 11, na mchoraji wake alihama na wazazi msimu wa korosho kabla sijamuuliza. Mwaka uliofuata tulisikiliza watoto watano kwa siku, wakati wa kungojea uji.

Mabadiliko yaliyobaki ni mawili. Mzazi au mlezi anapomleta mtoto kuandikishwa, mbali na tarehe ya kuzaliwa na chanjo, tunamuuliza: kuna jambo lolote ambalo kwenu mtoto hafanyi, halili au hagusi? Majibu yametufundisha mengi, na machache tu yanahusu kuchora. Na kwenye orodha ya upimaji kipengele kile kinasomeka "anakamilisha picha pale karatasi inapofunguka". Mbele ya jina la Mtoto M nilifuta nilichoandika mwanzo, nikaandika "anaweza", nikatia saini na tarehe ya siku niliyosahihisha, ili atakayeisoma baadaye aone kwamba aliyebadilika ni mwalimu.